Vantilatere isiyo na makelele kwa ordinatere ya koperative



Mwezi wa kumi, kabla mvua haijashika vizuri, ndipo ordinatere za biro zetu zinalia zaidi. Joto limepanda, vumbi la kiangazi chote limejaa ndani ya sanduku, na ni wakati huohuo tunahitaji hesabu: nani alichukua mbegu, nani bado ana deni la angre, magunia mangapi yamebaki depo. Tulikaa katika mkutano mmoja wa namna hiyo, kwenye koperative ya mahindi pembeni ya barabara inayotoka Kolwezi kwenda Likasi. Ordinatere ilikuwa mezani katikati ya chumba, na ilinguruma kama mashini ya kusaga unga. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akasema: « Mama sekretere, zima kwanza ile mashini, huku nyuma hatusikie kitu. » Mama sekretere akaizima. Toka hapo hesabu zikasomwa kwa kichwa na kwa karatasi za zamani, na watu wawili wakatoka pale wakibishana juu ya magunia sita. Ordinatere ilinunuliwa ili kumaliza ubishi wa namna hiyo. Ilizimwa juu ya kitu cha plastiki kisichopita upana wa kiganja.

Wengi wametuuliza: kuko vantilatere ambayo hailie? Kuko zinazolia kidogo sana, na si lazima ziwe za bei kali. Lakini kabla ya kutoa feza ya koperative ni vizuri kujua makelele yanatoka wapi, kwa sababu mara nyingi dawa yake ni brashi ya kupaka rangi na saa moja ya kazi, si vantilatere mpya.

Kazi ya vantilatere

Ndani ya sanduku la ordinatere kuna kipande kinachofanya hesabu, kinaitwa prosesere. Katika ordinatere nyingi za biro, prosesere ikitumika kwa nguvu inatoa joto la wati 65 hivi, karibu sawa na ile balbu ya zamani ya wati 60 ambayo huwezi kuishika kwa mkono ikiwaka. Joto hilo lote linatoka mahali padogo kuliko sanduku la kibiriti. Juu yake kumefungwa kipande cha alumini chenye mapezi mengi membamba, na vantilatere inasukuma hewa kati ya mapezi hayo. Kwa kawaida kuna vantilatere ya pili nyuma ya sanduku, inayotoa hewa ya moto inje, na nyingine ndani ya alimentasio, ile sanduku ndogo ya chuma inayopokea umeme wa ukutani.

Joto lisipotoka, prosesere inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Ndiyo maana ordinatere iliyokuwa mbio asubuhi inakuwa nzito saa nane ya mchana, hata kama hujaongeza kazi yoyote. Joto likiendelea kupanda mpaka karibu na digri 100, mashini inajizima papo hapo bila kukuuliza. Mistari yote ambayo haikuhifadhiwa imekwenda.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja kwa nguvu: musikate waya wa vantilatere ili mupate kimya. Tumeona mahali ambapo kijana mmoja alichomoa ile ya nyuma siku ya mkutano, kwa nia njema kabisa, halafu hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Kwa wiki tatu ordinatere ilijizima kila alasiri. Mauzo ya muhogo yaliandikwa mara tatu, na mara ya tatu hayakulingana na mara ya kwanza. Mwishoni trezorie aliitwa kujieleza mbele ya wanachama kwa feza ambayo haikupotea hata kidogo. Zilipotea tarakimu tu. Ukitaka kimya wakati wa mkutano, toa hesabu kwenye karatasi mapema, uibandike ukutani, kisha uzime ordinatere kwa utaratibu.

Jambo hili si la starehe. Sheria ya OHADA juu ya makoperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010 na inayotumika kwetu tangu Kongo iingie OHADA mwaka 2012, inataka hesabu za kila mwaka ziwekwe mbele ya mkutano mkuu. Kama hesabu hizo ziko ndani ya mashini, basi afya ya mashini ni kazi ya komite yote, si ya sekretere peke yake.

Sikiliza kwanza inalia namna gani

Vantilatere haina sauti moja. Kaa karibu na sanduku dakika chache, asubuhi na tena mchana, na usikilize kama vile unavyosikiliza motere ya pikipiki.

Sauti ya upepo, fuuu, inayopanda joto likipanda na kushuka jioni, ni ya vantilatere nzima ambayo inakimbia kwa sababu mashini inaona moto. Hiyo usiilaumu. Tafuta kinachozuia hewa. Sauti ya kukwaruza au kusaga, inayokuwa mbaya zaidi asubuhi wakati wa baridi ya mwezi wa sita halafu inapungua kidogo ikisha kupata moto, ni ya mhimili ulioisha grisi. Hiyo ndiyo inadai vantilatere mpya. Sauti ya tak-tak-tak ya haraka mara nyingi ni waya unaoguswa na panga za vantilatere. Usogeze na uufunge kwa uzi. Sauti ya kutetemeka, ambayo inanyamaza ukiweka mkono juu ya sanduku, ni vise iliyolegea au kifuniko ambacho hakikufungwa vizuri.

Kuna sauti moja inayodanganya watu. Ni kama kidole kinachogonga meza, tik... tik... tik, polepole, halafu ordinatere inakwama kidogo. Hiyo haitoki kwa vantilatere. Inatoka kwa diski, pale hesabu zote zimehifadhiwa, na maana yake diski inaweza kufa leo au kesho. Acha kila kitu, nakili vitabu vya koperative kwenye kadi au flashi siku hiyohiyo, habari ya makelele utairudilia baadaye.

Vumbi la kwetu

Hapa Lualaba tuna mambo mawili ambayo wanaotengeneza ordinatere hawakuyafikiria sana. La kwanza ni urefu wa nchi. Kolwezi iko zaidi ya mita 1400 juu ya bahari, na kwa urefu huo hewa ni nyepesi, pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko kule Muanda kwenye bahari. Hewa nyepesi inabeba joto kidogo, kwa hiyo vantilatere yetu inalazimika kuzunguka zaidi ili kufanya kazi ileile. Juu ya hilo hatuna la kufanya.

La pili ni vumbi, na hapo tunaweza. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa hakuna mvua, na malori ya madini yanapita mchana na usiku. Vumbi jekundu linaingia chini ya mlango, linavutwa na vantilatere ya ordinatere, na linakaa kati ya yale mapezi ya alumini mpaka linakuwa kama blanketi. Hewa haipiti tena. Vantilatere inakimbia bure, kama mtu anayepuliza moto wa makala wakati jivu limefunika kila kitu.

Kusafisha ni mara mbili kwa mwaka, na kama biro iko kando ya barabara ya malori, kila miezi miwili wakati wa kiangazi. Zima ordinatere, chomoa waya wa umeme ukutani, ngoja dakika kumi, toa sanduku inje kwenye kivuli. Fungua ubavu. Gusa chuma cha sanduku kwa mkono mtupu kabla ya kugusa kitu kingine ndani, ili umeme mdogo wa mwilini utoke. Tumia brashi laini na kavu ya kupaka rangi, na pompi ya kinga kwa kupuliza. Ukipuliza, shika panga za vantilatere kwa kidole zisizunguke, maana upepo wa pompi unaweza kuzizungusha kupita kiasi na kuharibu mhimili. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Na alimentasio usiifungue hata kama inalia. Ndani yake kuna umeme unaobaki hata baada ya kuchomoa waya. Puliza tu kupitia matundu yake, au ipeleke kwa fundi.

Funga kitambaa puani na mdomoni wakati wa kazi hiyo, na tunalisema bila utani. Mwaka 2018 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walichapisha kazi waliyofanya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambapo watu walianza kuchimba madini hata ndani ya viwanja vya nyumba zao tangu 2014. Walikuta kobalti katika vumbi la nyumba, na katika damu na mkojo wa wakaaji, watoto wakizidi watu wakubwa. Vumbi linalotoka ndani ya ordinatere ya biro iliyo karibu na njia ya madini linaweza kuwa na vitu hivyohivyo. Usilisafishe kwenye depo ambapo kuna mahindi au unga wa bukari, wala watoto wasikae karibu. Likusanye kwa kitambaa chenye maji, ulizike.

Wengine wanafunga soksi nyembamba ya nailoni mbele ya tundu la kuingizia hewa ili ishike vumbi. Inasaidia, lakini kwa sharti moja: ifuliwe kila wiki. Soksi iliyojaa vumbi ni mbaya kuliko kukosa soksi. Sisi tumeona nyingi zilizofungwa mwaka wa kwanza na hazikuguswa tena.

Na kile kitambaa kizuri cha kushonwa kwa mkono ambacho mama zetu wanafunika ordinatere? Kibaki, kinafanya kazi kubwa mashini ikiwa imezimwa. Ikiwashwa, kitoke chote. Tusikikunje tu mbele ili kioo kionekane huku nyuma kimefunika tundu la hewa ya moto.

Ukiamua kununua

Tuseme umesafisha, na vantilatere ya nyuma bado inakwaruza. Sasa ununue. Soko la Kolwezi lina nyingi, na Lubumbashi, kilomita zipatazo 300, ina zaidi. Muuzaji atakuambia « hii ni silansiezi kabisa ». Msikilize kwa heshima, halafu angalia mwenyewe.

Anza na ukubwa, maana isipoenea kwenye vise hakuna mazungumzo. Pima upande mmoja wa ile ya zamani kwa rula: kwa kawaida ni milimeta 80, 92, 120 au 140. Ukipima kati ya tundu la vise na tundu lingine upande mmoja utapata 71,5 kwa ile ya 80, 82,5 kwa ya 92, 105 kwa ya 120. Unene mara nyingi ni milimeta 25. Njia iliyo bora ni kuchomoa ile iliyokufa na kwenda nayo sokoni mfukoni. Ordinatere isiwashwe mpaka urudi.

Kama sanduku lina nafasi ya mbili tofauti, chagua kubwa zaidi. Kila mama anayepepeta mahindi anajua sababu. Ungo mpana ukiutikisa polepole unatoa upepo uleule ambao kisahani kidogo kitautoa kwa kutikiswa haraka haraka, na mkono unachoka. Kwa hesabu, vantilatere ya milimeta 120 inasukuma hewa sawa na ya 80 ikizunguka karibu theluthi moja tu ya mwendo wake. Na mwendo ndio unaoleta makelele: ukipunguza mizunguko kwa nusu, sauti inashuka kwa desibeli 15 hivi. Sikio letu linasikia desibeli 10 kama sauti imepungua kwa nusu, kwa hiyo 15 ni tofauti kubwa. Hewa nayo inapungua kwa nusu, ni kweli. Ndiyo sababu vantilatere mbili za mwendo wa pole, moja mbele ikiingiza hewa na moja nyuma ikiitoa, zinapendeza kuliko moja inayokimbia peke yake nyuma.

Kwenye sanduku lake angalia mizunguko kwa dakika, mara nyingi imeandikwa « tr/min ». Kwa milimeta 120, mizunguko 800 mpaka 1200 ni ya utulivu. Ikifika 2000 au zaidi, mzee wa nyuma hatasikia kitu. Desibeli zilizoandikwa pale uzichukue kwa tahadhari. Kampuni zenye jina zinapima kwa makini; zingine zinaandika tarakimu ya kuuzia. Ukiona vantilatere isiyo na jina imeandikwa desibeli 12, ujue hata chumba cha kulala usiku kina sauti kuliko hiyo.

Kuko alama moja ambayo wauzaji wengi hawaifikirie, na kwa hiyo haidanganye sana. Katikati ya vantilatere kuna karatasi ndogo iliyobandikwa. Itakuwa na volti 12, na pembeni yake ampere. Kwa ukubwa uleule, ampere nyingi maana yake motere ya nguvu, mwendo mkali, makelele. Ya milimeta 120 yenye ampere 0,10 mpaka 0,20 kwa kawaida ni ya upole. Yenye 0,50 na kuendelea imetengenezwa kwa mashini kubwa zinazofungiwa katika vyumba ambavyo watu hawakai. Sokoni hizi zinapatikana kwa bei ndogo, zimetolewa kwenye mashini za zamani, na watu wanafurahi kwa sababu zina upepo mwingi. Zinafaa sana kupuliza jiko la makala. Kwa biro, hapana.

Halafu mhimili. Kuko aina tatu za kawaida. Ule wa bushi ni wa bei ndogo na haulie ukiwa mpya, lakini joto na vumbi vinaukausha grisi, na haupendi vantilatere kulazwa chali kama ile ya juu ya prosesere katika masanduku yanayolala. Ule wa golori unavumilia joto na unadumu, lakini una sauti kidogo toka siku ya kwanza. Ule wa mafuta yaliyofungiwa ndani unanyamaza na unadumu, na bei yake iko juu. Kama muuzaji hajui ni upi, chukua vantilatere mkononi, zungusha panga kwa kidole, uiweke sikioni. Mzuri unazunguka kwa muda na kusimama polepole, bila kukwaruza. Tikisa panga kidogo kwa kidole: zikicheza kushoto na kulia kama jino bovu, irudishe.

Mwisho wa waya kuna soketi ya matundu matatu au manne. Ya matundu manne inaruhusu ordinatere kuongoza mwendo vizuri, kwa hiyo inatulia wakati unaandika barua na kukimbia tu kazi ikizidi. Ya matatu inaingia kwenye pini nne bila shida, ila kwa mashini nyingi itakimbia mwendo wake wote siku nzima. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua manne.

Majina kama Noctua ya Austria, be quiet! ya Ujerumani au Arctic yamejijengea sifa kwa kimya. Noctua ni ya bei kali, na kwa biro ya koperative hatuoni sababu ya kuitafuta. Arctic kwa kawaida inauzwa kwa bei nafuu zaidi na inatosha. Hata isiyo na jina itakuhudumia kama umepima ukubwa, ukasoma ampere na ukasikiliza mhimili.

Kabla ya kulipa, omba ijaribiwe. Muuzaji hahitaji ordinatere. Batri ya pikipiki ya volti 12 inatosha. Kama nyaya zina rangi, waya mweusi unakwenda kwenye alama ya kutoa, na ule unaoufuata kwenye alama ya kujumlisha. Nyaya nyingine ziachwe bila kuguswa. Iache izunguke dakika tano, mbali kidogo na makelele ya soko kama inawezekana, na uisikilize kwa upande wa nyuma na wa mbele. Asiyekubali kujaribu, mwache na mali yake.

Zile za okazio kutoka Ulaya

Makoperative mengi yana Dell au HP zilizotumika kwanza katika biro za Ulaya. Ni mashini imara, lakini baadhi zina soketi ya vantilatere ambayo si ya kawaida. Ukiweka vantilatere yoyote ya soko, aidha haiingii, aidha inaingia na ordinatere inaonyesha maandishi ya kulalamika kila ukiwasha, mpaka ubonyeze kitufe. Kwa hizo, tafuta vantilatere iliyotolewa kwenye mashini ya jina lilelile na namba ileile. Fundi anayekuambia « tutakata waya tuunganishe » anaweza kuwa anajua, lakini muulize kwanza ameshafanya ngapi.

Pia kabla ya kununua chochote, jaribu kuingia katika mipangilio ya mashini wakati inawaka: kwa Dell mara nyingi ni kitufe F2, kwa HP ni F10. Katika mashini nyingi kuna sehemu ya vantilatere ambapo mtu aliyetangulia aliiweka kwenye mwendo wa juu na haikurudishwa tena. Kuibadilisha hakulipwi hata franka. Programu ya bure inayoitwa HWMonitor itakuonyesha digri za prosesere. Ikiwa katika kazi ya kawaida inakaa chini ya 70, hakuna haraka ya kuongeza upepo. Ikipita 85 ukiwa unaandika hesabu tu, kuna vumbi, au ule ute wa kijivu ulio kati ya prosesere na alumini umekauka na unahitaji kupakwa upya.

Mahali pa kuiweka

Chini ya manjanja, bila dari, chumba kinaweza kuwa moto kuliko inje. Weka sanduku upande wa ukuta usiopigwa na jua la alasiri, juu ya kitu kilichoinuka angalau kiasi cha kitofali, kwa sababu vumbi linatembea sakafuni. Acha upana wa kiganja nyuma yake. Usiifungie ndani ya kabati la meza. Na kwa mkutano, si lazima sanduku likae katikati ya watu: nyaya za kioo na za klavye zinafika mbali kidogo, sanduku linaweza kukaa chini ya dirisha, nyuma ya mama sekretere. Ukilihamisha kutoka mita moja mpaka mita mbili au tatu, sikio litapumzika kabla hujatumia hata franka moja.

Kama biro inatumikisha jua, vantilatere mpya haitakula betri yako. Inakula wati moja au mbili tu. (Mitambo ya Nzilo na Nseke inazalisha umeme wake juu ya mto wetu wa Lualaba, lakini waya unaopita juu ya kijiji si waya unaoingia ndani ya kijiji, kila mtu anajua.) Ila sikiliza pia ondulere na ile mashini inayogeuza umeme wa betri. Nazo zina vantilatere ndani. Tumeona watu wamebadilisha vantilatere ya ordinatere mara mbili, na anayelia alikuwa chini ya meza.

Ukifunga mpya, angalia mishale miwili midogo kwenye fremu yake: mmoja unaonyesha panga zinazunguka upande gani, mwingine hewa inakwenda wapi. Isipokuwa na mishale, hewa inatoka upande wenye vyuma vinavyoshika motere. Ya nyuma itoe, ya mbele iingize. Halafu chukua kalamu nzito, andika tarehe juu ya fremu, na tarehe hiyohiyo uiandike katika daftari ya vifaa pamoja na bei na saini ya aliyenunua na ya aliyepokea. Ile ya zamani irudi depo mpaka komite iione.